Mkanda Niliomwambia Odilo Aurudishe

Bonga, Babati
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Mama Odilo,

Shikamoo yako niliipata kwenye simu wiki ile, nami nasema marahaba, marahaba sana. Habari za hapo Namtumbo? Mguu wako unaendeleaje, ule unaokusumbua wakati wa baridi? Mahindi mmeshapalilia? Mkwe wako Skola na watoto ni wazima? Mimi huku mzima. Macho tu ndiyo yanataka kuniaibisha, lakini miwani sijavaa na sivai. Wenzangu wa umri wangu hapa wanashikwa mkono kuvuka barabara. Mimi navuka mwenyewe, malori ya Dodoma yanapiga honi mpaka yanachoka, yanasimama.

Najua unajiuliza barua ya nini wakati simu zipo. Simu yako wewe unaiweka sauti kubwa, na ukishaiweka sauti kubwa wanasikiliza nyumba tatu. Haya ya leo nataka uyasikie wewe kwanza. Wewe ulimaliza la saba, mimi niliacha la tatu, basi usinicheke mwandiko. Usimpe mtu akusomee. Kaa ndani, soma mpaka mwisho, ndipo umwite Skola.

Odilo yu hai. Naanza na hilo usije ukaanguka. Yu hai, anakula, anaongea. Ila alivyokwambia kwenye simu kwamba ameumia mkono kidogo kazini, si kidogo. Na alivyokueleza ilivyotokea sivyo ilivyotokea. Nitakueleza mimi. Nitaanza mbali, univumilie, maana nikianza karibu nitakimbia.

Kazi yangu unaijua kwa kusikia tu, hujawahi kufika huku. Nina mashine ya kukamua alizeti. Watu wanaleta alizeti zao kutoka Nangara, kutoka Nakwa, mpaka huko chini ya mlima Hanang. Mafuta wanabeba wao, makapi yake, yanaitwa mashudu, wafugaji wanachukua wakalishe ng'ombe. Injini ya dizeli iko upande huu, kinu cha kukamulia kiko upande ule, na katikati kuna mkanda mpana unaotoka kwenye gurudumu la injini mpaka kwenye gurudumu la kinu. Injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha kinu. Basi, ndiyo mashine yote.

Sasa alizeti ikija na unyevu, kinu kinakaza. Kikikaza, mkanda unateleza. Ukiteleza unalia, na ukilia sana unatoka. Wenye mashine wengine wote wakisikia mkanda unalia wanazima injini, wanaurudisha, wanaanza upya kuhangaika na kuwasha, na wateja wamekaa juu ya magunia wananuna. Mimi siizimi. Mimi nasimama ubavu, nina kipande changu cha mti mgumu, nausukuma mkanda huku gurudumu linazunguka, unaingia wenyewe kama ng'ombe anayelijua zizi lake. Babati nzima hii hakuna mwingine anayeweza. Sijisifu, uliza mtu yeyote.

Zamani niliwahi kumfundisha fundi wangu mmoja, Paskali. Nilimfundisha kila kitu na huo mkanda. Msimu uliofuata alifungua mashine yake Nangara, na wateja wangu wakaanza kunisalimia kwa mbali. Siku ile nilijiapiza. Nikasema, atakayekuja baada ya huyu nitamfundisha yote ila mkanda.

Akaja Odilo. Mwanao ni mchapakazi, nilikuwa sikwambii kwenye simu asije akavimba kichwa. Alijua kupima unyevu wa alizeti kwa kuitafuna. Alijua kusafisha kinu, alijua kuongea na Wabarbaigi wanaokuja kutafuta mashudu, na wale ukiwakosea salamu hawarudi. Lakini kila mkanda ulipoanza kulia nilimwambia, "Odilo, lete maji." Anachukua ndoo, anaenda bombani nyuma ya banda. Akirudi anakuta mkanda uko mahali pake na mimi nimekaa. Miaka sita, mdogo wangu. Miaka sita lete maji.

Basi alikuja binti mmoja wa utafiti. Alipita kwenye maduka yetu haya ya barabarani, ana kitambulisho shingoni na karatasi mkononi. Unajua watu wakiona karatasi. Kila mtu alimfikiria wa kodi au wa leseni. Jirani yangu Hamisi, Mrangi muuza vipuri, mtu wa utani sana, alikuwa amekaa mlangoni kwake.

"Samahani, mwenye duka yupo?"

"Mwenyewe kasafiri," Hamisi akasema. "Mimi naangalizia tu."

"Anarudi lini?"

"Aa, yule akisafiri kasafiri."

"Na wewe baba unaitwa nani?"

"Hamisi."

Binti akanyanyua macho ukutani, ambako pameandikwa kwa rangi nyekundu HAMISI VIPURI. Hamisi naye akatazama, kama ndiyo anayaona maandishi hayo leo.

"Tumefanana majina," akasema.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwita yule binti. "Njoo huku, mwanangu. Huku mwenyewe yupo."

Hamisi akanikonyeza. "Mzee Gervasi, tulia."

"Nitulie kwa nini? Nimeiba? Wewe endelea kulinda duka la mtu aliyesafiri."

Binti akaja. Akasema anaitwa Neema, anatoka chuoni, wanatafiti jinsi sisi wenye biashara ndogo tunavyoziendesha. Nani anaamua. Kazi zinagawanywaje. Wafanyakazi wanafundishwaje. Mwenyewe asipokuwepo inakuwaje. Akasema majina hayaandikwi, na nikikataa hakuna ubaya. Akaomba kurekodi sauti kwenye simu yake. Nikamwambia rekodi, wengine wapate kujifunza.

Mdogo wangu, katika maisha yangu hapa hakuna mtu mwenye kusoma aliyewahi kukaa chini akaniuliza mimi najua nini. Wananiuliza foleni ni ndefu kiasi gani, basi. Yule binti alikaa kwenye kigoda, simu ameiweka juu ya gunia kati yetu, ananitazama usoni. Nilimweleza nilivyofika Babati sina hata ndala. Nilimweleza nilivyoinunua injini imekufa nikaifufua. Odilo alikuwa nyuma yangu anamimina alizeti, mashine inakwenda.

Binti alisema, "Mzee, si bora tusubiri mzime, tusikilizane vizuri?"

Nikasema, "Mashine yangu haizimwi kwa sababu ya mgeni. Pandisha sauti."

Akauliza nani anaamua mambo hapa. Nikasema mimi. Akauliza ukiumwa. Nikasema siumwi. Akacheka kidogo, akauliza tena, siku ukiwa hupo nani ataendesha. Nikamwambia hakuna, na hiyo ndiyo nguvu yangu, maana biashara wanayoiweza wote si ya mtu. Nilijiona nimesema neno kubwa. Akaandika.

Halafu akauliza, "Na huyu kaka umemfundishaje kazi?"

Hapo ndipo mkanda ulianza kulia. Niliusikia. Nisikudanganye kwamba sikuusikia, masikio yangu yanajua mashine ile kuliko yanavyojua sauti yangu mwenyewe. Siku nyingine yoyote ningesema lete maji, ningenyanyuka. Lakini binti alikuwa ameniuliza nimemfundishaje, na simu inarekodi, na Hamisi amesogea mlangoni anasikiliza. Niliona nikinyanyuka mimi, itaonekana nina mfanyakazi asiyejua kazi. Na nikimtuma maji, itaonekana mimi ni mtu wa kuficha.

Nikageuza shingo tu. Nikasema, "Odilo! Rudisha mkanda!"

Akasimama. "Mjomba?"

"Mkanda. Rudisha. Huusikii unavyolia?"

"Mjomba, nizime kwanza?"

"Nani kakwambia uzime? Mtu mzima una mke na watoto unaogopa mkanda? Rudisha, mgeni aone."

Alinitazama. Sijui kama alikuwa anangoja nicheke, iwe utani. Sikucheka. Nikamgeukia binti nimjibu swali lake.

Hakujua kuna mti. Mti wangu naulaza nyuma ya injini, mahali asipouona mtu. Alitumia mkono.

Sitakuandikia nilichokisikia. Nilizima injini mimi, lakini injini ile ukiizima haisimami papo hapo, gurudumu linaendelea kuzunguka. Nililiona linavyozunguka. Hamisi ndiye aliyeruka, ndiye aliyemfunga kwa shuka la kufunikia magunia, ndiye aliyemweka kwenye gari lake la mizigo na kumpeleka hospitali. Yule binti alikaa naye nyuma kwenye bodi, amekishika kichwa cha Odilo. Mimi nilikaa mbele. Nikawa namwelekeza Hamisi njia ya hospitali, kama vile Hamisi si mtu wa Babati.

Daktari alisema mifupa imesagika, haiungiki. Wameukata chini kidogo ya kiwiko. Ni mkono wa kulia, Mama Odilo.

Nimeweka kalamu chini, nimetoka nje, nimerudi. Naendelea.

Pale hospitali walituuliza ilikuwaje. Nesi ana daftari, anaandika. Nikasema, "Kajitia mwenyewe. Nilikuwa na mgeni, sikumtuma." Maneno yalitoka yenyewe, tena kwa sauti. Hamisi alikuwa pembeni yangu, akatazama viatu vyake. Mwenyekiti wa mtaa alipokuja nikamwambia hivyo hivyo. Wateja wakaniuliza, nikawaambia vijana siku hizi wana pupa. Mara ya nne nilikuwa nimeshaanza kuamini.

Odilo alipozinduka vizuri, mwenyekiti alimuuliza mbele yangu. Odilo akanitazama, akasema, "Ndiyo. Nilijitia mwenyewe." Na siku ile ile akakupigia wewe, mimi ndiye niliyemshikia simu, akakwambia alivyokwambia. Uliposema akupe kaka, nilitikisa kichwa, akakwambia nimetoka.

Siku chache baadaye yule Neema alikuja hospitali na machungwa. Alimsalimia Odilo, halafu akaniomba tutoke kwenye veranda. Alikuwa amekonda.

"Mzee, ile sauti ilirekodiwa yote," akasema. "Sijamsikilizisha mtu. Utaratibu wetu ni kwamba ukitaka niifute, naifuta. Wewe ndiye unayeamua."

Nilitaka kusema futa. Nilishafungua mdomo. Lakini wewe unanijua tangu tukiwa wadogo, mtu akinipa nafasi ya kukimbia sikimbii, hata ninapotaka. Nikamwambia, "Iweke nisikie."

Akasema si lazima. Nikamwambia iweke.

Mdogo wangu, nilikaa kwenye benchi nikamsikiliza mzee mmoja anavyojisifu. Anasema yeye haumwi. Anasema hakuna mwingine. Na mashine nyuma yake inakwenda vizuri tu, nikawa natamani ikwame hapo hapo ibaki hapo. Halafu mkanda unalia. Halafu yule mzee anasema rudisha. Kwenye simu inasikika vizuri kabisa Odilo anasema "nizime kwanza". Kwa sauti ya heshima. Nilikuwa nimeshaisahau ile. Nilikuwa nimeifuta kichwani mwangu, ikabaki kwenye simu ya mtoto wa watu.

Neema akazima. Machozi yanamtoka. "Nisamehe mzee, kama nisingekuja kuuliza..."

"Wewe umeuliza tu," nikamwambia. "Usifute. Andika kwamba mwenye mashine alisikia mkanda unalia na hakunyanyuka."

"Hatuandiki majina, mzee."

"Basi andika bila jina."

Nikaingia ndani kwa Odilo. Sikukaa. Nilisema, "Odilo, mimi ndiye niliyekutuma."

Akasema, "Najua, mjomba. Nilikuwepo."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya, ugomvi nauweza. Alikuwa amelala anatazama dari. Nikamwambia, "Nilikuficha ule mkanda miaka yote kwa sababu ya Paskali. Kila nilipokutuma maji nilikuwa nakuficha."

Akasema, "Na hilo najua. Mwezi wa kwanza tu nilijua. Bomba liko hatua kumi, mjomba. Ndoo ilikuwa inajaa, nasimama nayo nyuma ya ukuta mpaka nisikie umemaliza. Ukutani pale pana tundu. Ningetaka kuchungulia ningechungulia."

"Kwa nini hukuchungulia?"

"Ulikuwa hutaki."

Mama Odilo, huyo ndiye mtoto uliyenipa. Nimekaa na watu wengi, nimewatumikisha wengi, najisifu ninawajua watu kwa kuwatazama mara moja. Huyu nilikaa naye miaka sita namlinda kama mwizi.

Nikamwambia nitamfundisha. Nikamwambia ule mti nitamwonyesha, namna ya kusimama nitamwonyesha, na mashine itakuwa yake. Akageuza kichwa akanitazama kwa mara ya kwanza, akasema, "Sasa?"

Neno hilo tu. Halafu akautazama mkono uliofungwa bandeji.

Mashine nimeifunga. Juzi alikuja Mbarbaigi mmoja mteja wangu wa siku zote, fimbo begani, akasimama mlangoni akasikiliza kimya. "Mzee, mashine imekufa?" Nikamwambia haijafa. "Sasa iko wapi sauti?" Nikamwambia aende Nangara kwa Paskali. Amenitazama kama nimemtukana, akaenda. Hamisi anakuja kila siku kunitazama, anakaa, anaondoka. Utani hana tena kwangu. Nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa nikamwambia yale niliyosema mwanzo ni uongo. Akasema, "Mzee, yameshapita, kwa nini unajitafutia?" Nikamwambia aandike upya. Amekataa, nami nitarudi kesho, na keshokutwa, mpaka aandike. Na nesi naye nitamfuata na daftari lake.

Odilo anataka kurudi nyumbani. Nilimwomba abaki, nimemwomba mara tatu, unajua mimi siombi mtu. Hataki. Na daktari amesema kidonda kikikauka anaweza kusafiri. Kwa hiyo tutakuja wote wawili. Sitampakia kwenye basi peke yake kama mzigo. Nitamfikisha mlangoni kwako, kisha nitasimama nje. Akishaingia, wewe na Skola mtasema la kusema juu yangu. Mkisema niingie, nitaingia. Mkisema nirudi, nitageuza siku ile ile na sitanung'unika. Usinionee huruma kwa sababu ya mvi. Mvi hizi zilikuwepo siku ile.

Usimwambie Odilo kwamba nimekuandikia. Alinikataza. Alisema, "Mama mwache aamini ni bahati mbaya, tusimpe mizigo miwili." Nimemvunjia na hilo, lakini hili nimevunja nikiwa nimefikiri.

Nisalimie shangazi Benadeta, mwambie ugoro wake nitaleta. Nisalimie katekista, mwambie aniwekee nafasi ya kuungama kwa padre, na padre aje ametulia, yasiwe maungamo ya haraka. Nisalimie jirani yako Mama Lusia anayekuchotea maji mguu ukikuuma. Skola usimpe salamu zangu kabla hajasikia yote. Akishasikia, akizitaka, mpe.

Kitu kimoja nakuomba na hiki usikisahau. Wale watoto wa Odilo mmewalea vizuri, najua mezani mnawapiga vidole wakishika ugali kwa mkono wa kushoto. Baba yao sasa anakula kwa huo. Kule hospitali anageukia ukutani akila, wagonjwa wenzake wasimwone. Basi kaa na watoto mapema, kabla hatujafika, uwaambie baba atakula kwa kushoto na hajakosa adabu. Asiwepo wa kumsahihisha. Asiwepo wa kucheka. Na chakula kikiwekwa, mwacheni akae anapotaka, ila msimwache ageukie ukuta.

Kaka yako,
Gervasi